Mwanafunzi Wangu Ameacha Kulia, na Wote Wananipongeza

Habari admin. Naomba usiweke jina langu wala la shule, maana huku Handeni tunajuana. Mimi ni mwanamke wa miaka 36, nimeolewa, nina mtoto mmoja, kwetu ni Kerenge, Korogwe. Nafundisha Jiografia sekondari, na mimi ndiye mwalimu wa ushauri nasaha. Kazi hiyo nilipewa kwa sababu nilisoma somo lake chuoni na kwa sababu, kama mkuu wetu alivyosema, mimi ni mpole.

Chuoni tulifundishwa vizuri. Msikilize mtoto bila kumkatiza. Mrudishie maneno yake ajue umemsikia. Usimletee habari zako, maana muda ule ni wake. Na mshauri akizidiwa, naye aende kwa mshauri mwenzake. Hilo la mwisho nililijibu hadi kwenye mtihani, lakini huku nilipo mshauri mwenzangu simjui.

Mwaka huu mama yangu alifariki. Simu ya dada ilinikuta napika. Nilizima jiko, nikafungasha nguo, nikasafiri hadi Kerenge. Wanawake walinipokea kwa kilio, nikakaa nao kwenye mkeka macho makavu. Nilidhani machozi yatakuja baadaye. Dada yangu mkubwa alipokuja kuniegemea begani nikajikuta namwambia, "Nasikia una uchungu mwingi. Ungependa kuniambia zaidi?"

Akainua kichwa akanitazama. "Kwani mimi mwanafunzi wako? Huyu ni mama yetu."

Tangu hapo tunasalimiana tu. Ndugu wengine walisema kusoma kumenikausha moyo. Sikuwabishia, wala sikukasirika. Nilirudi kazini nikaendelea na vipindi. Mume wangu huniuliza kama niko sawa, namjibu niko sawa, na si kwamba namdanganya. Nikijitafuta ndani sioni kitu cha kumwambia.

Sasa kilichonifanya niandike. Kuna binti wa kidato cha tatu, nitamwita Zuhura, ingawa si jina lake. Kwao ni Sindeni. Wazazi waliachana akiwa mdogo, kila mmoja akaenda zake, akalelewa na bibi yake. Hapa mjini amepanga chumba na wenzake ili awe karibu na shule. Muhula huu bibi naye akafariki. Aliporudi kutoka msibani alikuwa analia darasani, analia mstarini, mpaka walimu wakamleta kwangu.

Kwangu alilia sana. Alinisimulia jinsi bibi alivyokuwa akimfunikia ugali na mlenda, hata akichelewa vipi anakuta chakula chake. Alinisimulia hata bibi alivyokuwa mkali akisikia ameonekana dukani na wavulana, hapo akacheka huku analia. Mimi nilisikiliza kama nilivyofundishwa. Na niseme ukweli, nilimwonea wivu. Mtoto wa watu yuko kwenye shida, mimi natamani machozi yake yawe yangu.

Siku moja alifuta uso kwa ncha ya mtandio, akaniuliza, "Madam, na wewe si ulifiwa na mama? Ulilia mpaka lini ndiyo ukaacha?"

Jibu la kweli lilikuwa kwamba sijaanza. Lakini nilikumbuka kwamba mshauri haleti habari zake, nikamwambia, "Leo tuongee habari zako, Zuhura."

Aliniangalia usoni. Kisha akasema taratibu, "Nimeelewa, Madam. Mtu mzima halii."

Sikumsahihisha. Alinishukuru, akatoka.

Hajalia tena. Anawahi shule, anaandika notisi, anafagia zamu yake, anatoa shikamoo kwa kila mwalimu. Nikimwita anasema hana tatizo, na kurudi ofisini kwangu hataki. Mkuu wa shule alinisifu kwenye kikao, akasema nimemtuliza mtoto na walimu wengine waige. Wakapiga makofi, na mimi nikapiga. Ila uso ule wa Zuhura mimi naujua. Ndio ninaouosha kila asubuhi.

Nilimwendea mkuu nikamwomba anipumzishe kazi ya ushauri. Akasema nikiacha itabidi aichukue mwalimu wa nidhamu, na huyo wanafunzi wanamjua kwa fimbo. Nikarudi kukaa kwenye kiti changu.

Nafikiria kumwita Zuhura nimwambie kwamba sikuacha kulia, ni kwamba nimeshindwa kulia, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa sawa. Nilichosoma kinanikataza kumtwisha mtoto mzigo wangu. Nikikaa kimya nao, nimemfundisha kitu ambacho mwenyewe kinanimaliza. Halafu nawaza, nikimweleza yote haya kwa macho haya makavu, ataniamini?

Walimu mlioko humu, wazazi, na nyie mliowahi kufiwa mkakosa chozi, naombeni mniambie nianzie wapi. Nasoma kila mtakachoandika.