Amehamia Makambako

Kwa mujibu wa daftari la serikali, nilihama nyumbani kwangu miaka miwili iliyopita. Ningestahili pongezi, maana mimi hata sokoni huenda kwa shingo upande, na nikivuka barabara ya lami napata hadithi ya wiki nzima. Nafuma masweta ya wanafunzi. Mashine iko sebuleni, jiko hatua tano, choo hatua kumi na mbili. Mtu wa namna hiyo ahame aende wapi?

Niligundua kuwa nimehama siku nilipokwenda ofisi ya mtaa kuomba barua ya ukaazi. Wapima ardhi walikuwa wanapita Njombe mtaa kwa mtaa, wakipima viwanja vya zamani ili watu wapate hati. Kiwanja changu alikiacha mama, na hakina ushahidi wowote zaidi ya miparachichi aliyoipanda mwenyewe. Sharti lilikuwa moja: siku ya kupima, mtu wa nyumba hiyo aliyemo kwenye daftari la wakazi awepo na asaini fomu. Pasipo na wa kusaini, kiwanja kinaandikwa hakina mwenyewe na kinawekwa kando.

Mtendaji wa mtaa, mwanamke aliyejifunga skafu hadi masikioni, alishusha kidole kwenye daftari, akasimama katikati ya ukurasa.

"Mama, wewe umehama."

"Nimehamia wapi?"

"Sijui. Ila hapa haupo."

"Na huyu aliyesimama mbele yako ni nani?"

"Huyo naye alete barua ya utambulisho."

Nikamwambia nataka kuona kilichoandikwa kunihusu. Nilikuwa nimesikia redioni, na redio ndiyo inayonitembeza, kwamba sheria inamruhusu mtu kuomba taarifa zake zilizoko ofisini. Akacheka. "Za redioni zipeleke redioni." Basi nikaomba karatasi nikaandika palepale, kwa Kiswahili changu cha kidato cha nne: naomba nakala ya taarifa zote mlizonazo kunihusu, na mtaje aliyezitoa. Nikamtaka agonge muhuri kwenye nakala yangu. Aligonga hadi kalamu zikaruka mezani. Nilitoka na ule muhuri nikitembea kama mbunge.

Nilirudi mara nne. Yuko kikaoni. Ametoka sasa hivi. Mashine ya kutolea nakala haina wino. Mara ya nne nilikwenda na nyuzi na sindano zangu, nikakaa kwenye benchi la mlangoni, nikaanza sweta. Nilipofika kwapani akanitupia karatasi.

Ilikuwa nakala ya mstari mmoja. Jina langu. Mwaka wa kuzaliwa, ambao walinizeesha kwa miaka mitano. Kazi: hana. Na kwenye safu ya maelezo: "Haonekani. Amehamia Makambako. Taarifa ya balozi."

Balozi wetu wa nyumba kumi ni mzee anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Nilimkuta uani anaota moto.

"Kamwene, baba."

"Kamwene. Umekuja lini?"

"Sijaenda popote. Moshi wa jiko langu si unauona kila siku?"

"Moshi nauona. Wewe sikuoni."

Akaingia ndani, akatoka na daftari la misiba. Kwetu ukitokea msiba, balozi huandika kila nyumba: nani kafika, nani kaleta kuni, nani kaleta mahindi. Mtendaji alipomtaka orodha ya wakazi, mzee huyu hakugonga mlango hata mmoja. Alifungua daftari la misiba, akanakili.

"Msiba wa jirani yako wa kushoto, hukuja," alisoma. "Wa fundi baiskeli, hukuja. Wa mke wa mchungaji, watu walitoka Makete na mvua ile, wewe wa hapo nyuma ya ua hukuja."

"Huo nilikuwa Makambako, kwenye kipaimara cha mtoto wa dada yangu. Siku tatu tu!"

"Si ndivyo nilivyoandika?"

"Baba, niandikie kwamba nipo."

"Nidanganye serikali? Binti, kulala mahali siyo kuishi. Siku ukifa atakuzika nani, hiyo mashine yako?"

Nilimwita mchawi, kimoyomoyo, ila nusu ya neno ilitoka mdomoni. Akafunga daftari.

Mtendaji naye akaniambia nilete barua kutoka Makambako inayosema huko hawana mtu kama mimi. Nikapanda gari. Makambako ilinipokea kwa upepo wake na mchanga wa kutafuna. Ofisa niliyemkuta alinisikiliza kwa makini, jambo lililonitisha.

"Unataka niandike kwamba sikujui?"

"Ndiyo."

"Sasa nikiandika jina lako, nitasemaje sikujui?" Akapekua madaftari yake. "Ni kweli, huku haupo."

"Basi niandikie hivyo hivyo."

"Mama, barua tunawaandikia waliopo."

Nikarudi Njombe nikiwa sina makazi katika miji yote miwili. Gari la matangazo likapita: wapima watafika mtaani kwetu Alhamisi. Jumanne akafa mzee mmoja wa nyumba za juu, mazishi yakapangwa Jumatano.

Sikujiuliza mara mbili. Nilijitwika mzigo wa kuni nikawa wa kwanza kufika, kwa nia mbaya kabisa. Wanawake waliokuwa jikoni waliacha visu.

"Jamani, wa Makambako huyo!"

"Karibu mgeni. Viazi vya huku unavijua kumenya?"

"Mpeni kigoda, hajazoea baridi."

Nilimenya gunia zima bila kuinua uso. Walinisema mpaka kaburini na kurudi, na mbaya zaidi, walikuwa na haki: marehemu aliishi jirani nami miaka yote, na sikujua hata kwamba alikuwa anaumwa. Mwishoni balozi akaja na daftari, akaniuliza jina kwa sauti kubwa kana kwamba hajawahi kunisikia. Nikamtajia. Kisha akaandika barua kwa mtendaji, akasaini juu ya goti lake.

Saa kumi jioni nilifika nyumbani, barua kifuani. Kwenye pembe nne za kiwanja kulikuwa na mawe ya mipaka, saruji bado mbichi. Wapima walimaliza mtaa wa pili mapema, wakapitiliza hadi kwetu siku moja kabla. Wenzangu wote waliokwenda msibani walikuwa wameacha mtu nyumbani. Kwangu mtu ni mimi.

Asubuhi mtendaji aliisoma barua ya balozi, akakata ule mstari, akaandika mwingine. "Haya, sasa upo."

"Na kiwanja?"

"Kiwanja kimeandikwa hakina mwenyewe. Kinasubiri awamu nyingine."

"Lini?"

"Haijulikani." Akavuta skafu, akaniangalia kwa mara ya kwanza kama mtu anayetaka kujua. "Lakini na wewe mama, jana ulikwenda wapi?"

Nikamwambia anipe karatasi nyeupe. Safari hii nilianza kwa kumuuliza jina lake kamili.