Gitaa la Baba Kendi na Ungo wa Mama Mkwe

Rafiki yangu, wewe ambaye tulianika betri za redio juani pamoja ili zipate nguvu tena, keti nikuambie kitu. Hawa watoto wetu wakisikia jazz wanafikiria ni mambo ya watu wa suti huko ng'ambo. Enzi zetu hapa Kaaga, Meru, jazz ilikuwa jirani. Ilikuwa inavaa gambuti, inakama ng'ombe wake mmoja, na asubuhi inatusalimia ikipiga mswaki. Jina lake lilikuwa Baba Kendi.

Tulikuwa tunatoka shule midomo ikinuka yale maziwa ya pakiti ya pembe tatu, tunaruka bladda, ile kamba ya mpira, mpaka sketi zinapasuka, halafu mama anaita. Mama wa siku hizo hakuwa anaita mara mbili. Unaacha mchezo, unafunga debe kiunoni, unaingia kwa kahawa. "Mkono uchume, mdomo uimbe," mama yangu alikuwa anatuambia, kwa sababu mtu anayeimba hana nafasi ya kusengenya.

Na hapo kwa kahawa ndipo Baba Kendi alikuwa anapimia nyimbo zake. Jumamosi amejaza ukumbi kule Maua mpaka watu wa miraa wanasahau magari yao, ama wafanyakazi wa mashamba ya Timau wamemshangilia hadi wamekauka koo. Jumatatu yuko kwa shamba letu, maana jirani kwetu alisaidiwa kuchuma, na anapiga mluzi wimbo mpya. Hakuwa amesoma muziki popote. Tarumbeta, gitaa, ngoma, zote zilikuwa zinakaa kwa hicho kichwa chake kimoja. Anapiga mluzi, macho kwa mikono yetu. Mikono ikikimbia pamoja na wimbo, anatabasamu. Mikono ikichanganyikiwa, anasema, "Huu bado mbichi," na hatuusikii tena. Hebu fikiria. Nyimbo ambazo nchi nzima ilicheza zilipitishwa na wanawake wa madebe! Mungu akipeana kipawa haulizi cheti.

Lakini nyumbani kwake kulikuwa na kidonda. Mama Kendi, bibi yake, alikuwa mtu wa Embu, zile sehemu za chini zenye jua kali. Mama yake mzazi, ambaye sisi watoto tulimwita Cucu Ciarunji, yaani nyanya, alikuwa ameapa kwamba hatapokea mbuzi za mtu wa baa. Mahari ikipelekwa inarudishwa kutoka langoni. Kwa hivyo kwa watu wa kwao Mama Kendi hakuwa ameolewa, na watoto wake hawakuwa wanajulikana kwa nyanya yao. Nilikuwa namwona redio ikitaja jina la bwanake, majirani wanapiga makofi, yeye anafuta macho na leso.

Basi Cucu akashikwa na kifua, akaletwa hospitali huku Meru. Sasa alale wapi? Unakumbuka vile nthoni ilikuwa, ile heshima ya wakwe. Mama mkwe halali kwa nyumba ya mkwewe. Hawaangaliani usoni. Wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Ndio Cucu akawekwa kwetu, na kati ya boma letu na la Baba Kendi kulikuwa na ua wa kayaba, ule wa miiba mirefu.

Mama Kendi alikuja jikoni kwetu akaongea kwa sauti ya chini. "Mama Kawira, akirudi Embu bila kunibariki sitamwona tena. Hicho kifua kimekwisha."

"Omba," mama yangu akamwambia.

"Naomba. Lakini bwanangu hata kumsalimia hawezi. Atamwonyesha roho yake aje?"

Cucu naye hakuwa mtu wa kukaa bure. Alasiri akipata kajua anaketi nje, anapepeta maharagwe na ungo wake, akikohoa. Shwa, shwa, shwa, tak! Shwa, shwa, shwa, tak! Siku moja gitaa likajibu kutoka ng'ambo ya kayaba, polepole, likaingia pale pale kati ya shwa na tak. Cucu akasimamisha ungo. Gitaa likanyamaza. Akaanza tena. Nalo likaanza.

"Ni nani huyo ananifuata kama mkia wa mbuzi?" akauliza, na alikuwa anajua vizuri sana.

"Ni upepo, Cucu," mama akasema.

"Upepo wa huku Meru uko na nyuzi?"

Tulijifunika na leso kwa kicheko. Kesho yake Cucu akaanza kumpima huyo mpiga gitaa. Akipepeta haraka, gitaa linakimbia. Akivuta pole, gitaa linatambaa. Mara akakohoa makusudi katikati, na gitaa, nakuambia ukweli, likakohoa! Cucu alicheka mpaka maharagwe yakamwagika, kuku wakafanya karamu.

Mimi nilichungulia kwa miiba. Huyo mtu wa kupigiwa kelele na halaiki alikuwa ameketi juu ya ndoo ya maziwa, amegeuza mgongo kwa ua ili asivunje heshima, anampigia mama mmoja mgonjwa kama anapigia malaika. Tulisahau bladda. Hata mama yangu, ambaye kanisa lilikuwa limemkataza nyimbo za dunia, alisimama na mwiko mkononi, sufuria ikiungua.

Kabla ya kurudishwa Embu, Cucu akaweka ungo chini. Hangeweza kumwongelesha mkwewe, kwa hivyo aliongea na ua, kwa sauti yote iliyobaki kifuani.

"Wewe kayaba! Mwambie anayekaa nyuma yako, mbuzi zake zikikuja Embu zitapata lango liko wazi. Na alete hao watoto niwaone."

Mama Kendi alipiga vigelegele akaanguka magoti hapo kwa maganda ya maharagwe. Tukangoja gitaa lijibu. Tulisikia tu mwanaume mzima akilia.

Mbuzi zilienda, na zikapokelewa. Cucu aliwatemea wajukuu mate ya baraka kifuani, vile wazee walikuwa wanabariki, na kabla mvua ndefu haijaisha Bwana akampumzisha. Ule wimbo wa gitaa na ungo nao ukaingia redioni, ukaitwa "Ng'ambo ya Ua." Nchi nzima ikasema ni wa msichana aliyefungiwa na babake. Vijana wakautumia kutongozea. Nikiwa mtu mzima nilimuuliza Baba Kendi kwa nini hakuwahi kuwaambia ukweli. Akanishangaa. "Kawira, mama mkwe anatajwa kwa baa?"

Siku hizi mkwe na mama mkwe wako kwa grupu moja ya simu, wanatumiana picha za chakula. Si vibaya, waongee. Watoto wangu wanachuma kahawa na waya kwa masikio, kila mtu na wimbo wake, na shamba limenyamaza kama kaburi. Nikiuliza wanasikiza nini naambiwa, "Ni biti tu, mathe," yaani midundo. Na mimi nabaki nikijiuliza kama kuna mtu atawahi kusikiza kikohozi cha mwenzake vile yule mzee alisikiza.

Baba Kendi pia ametangulia, kwa hivyo sasa naona naweza kusema. Nakuomba, msimulie mtoto wako ule wimbo ulipigiwa nani, naye amsimulie mwenzake. Lakini msimulie nyumbani, mkiwa mmeketi.