Mabati ya Mama

Angekuwa amependa mwanamke, ningejua pa kuanzia. Mume wangu alipenda gari kuukuu, aliloachiwa na mkubwa wake kazini, Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, na tulikaa Makongeni, katika nyumba za wafanyakazi wa reli. Gari lilivutwa kwa kamba hadi mlangoni petu. Milango ilikuwa imeliwa na kutu, madigadi yametoboka, na ukiketi ndani uliona barabara katikati ya miguu yako. Mume wangu alikufa akaoza kwa gari hilo, nalo lilikuwa limeoza kabla yake.

Mimi nilikuwa katika chama cha mabati. Tulikuwa wanawake wa pale mtaani, wengi wa kanisa moja, na kila mwezi tulichanga tukamnunulia mmoja wetu mabati ya kuezekea. Zamu yangu ilipofika sikufikiri mara mbili. Mama yangu alikuwa mjane kijijini, upande wa Murang'a, na nyumba yake ilikuwa ya nyasi. Nilimpelekea habari kwamba mabati yapo, nangoja tu lori la kuyabeba. Kwa hiyo mwaka huo hakuongeza nyasi mpya.

Jumamosi moja nilitoka sokoni nikasikia nyundo nyuma ya nyumba. Mume wangu alikuwa ameyalaza mabati yangu chini, anayaponda migongo yanyooke. Fundi wa bodi za magari alisimama kando, mikono ameikunja.

"Mzee, hii ni mabati ya nyumba," alimwambia. "Ukiipiga moto inatoboka, na moshi yake inaumiza kifua. Gari inataka chuma yake."

"Bati ni bati," mume wangu akajibu. Kisha akaniona. "Mama watoto, usijali. Nitakununulia mengine mwisho wa mwezi."

Fundi alijaribu kuchomelea, bati likatoboka. Mume wangu akalitupa, akachukua jingine, nalo likatoboka. Fundi alipokataa kuendelea, mume wangu alishika kazi mwenyewe. Alikata viraka, akavipigilia kwa misumari ya ribiti juu ya kutu ileile, akavifunika kwa filla ya kuzibia mashimo, akapiga msasa mpaka mikono ikachubuka. Mwisho wa mwezi ulifika, akanunua rangi ya buluu. Nilimchukia, na sioni haja ya kulipunguza neno hilo.

Nilikwenda kwa mama nikamweleza yote, nikilia. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia nirudi kwa watoto wangu.

Lakini chama kilikuwa na sheria yake. Bati lilipaswa kuonekana juu ya paa, kwa kuwa walikuwapo waliouza yao kimyakimya. Siku ya kwenda kwa mama ilipopangwa, sikuwa na ulimi wa kusema. Nani angeamini kwamba sikujua? Ningeitwa mwizi wa jasho la wenzangu. Mume wangu naye, bila haya, akajitolea kumwendesha mwenyekiti wetu. Gari likatangulia, linang'aa, na sisi tukafuata kwa lori tukila vumbi lake.

Wanawake walishuka wakiimba. Wimbo uliwafia mdomoni pale langoni. Mwenyekiti alilitazama paa la nyasi, kisha akanigeukia mimi.

Kabla sijafungua kinywa, mama alitoka nje.

"Mabati yalifika, wanangu," akasema. "Ni mimi niliyemwambia mkwe wangu atengenezee gari, apate kuniletea wajukuu. Mimi nyasi nimezizoea. Karibuni ndani."

Mama yangu, aliyetuchapa utotoni kwa uongo hata wa mzaha. Najua alikuwa akiniokoa mimi, lakini sikumshukuru. Nilitaka aibu imwangukie aliyeistahili, naye alikuwa ameketi karibu na mlango, anapewa nyama iliyonona kama mkwe mwema.

Mvua ilianza tukiwa tunakunywa chai. Tone likamwangukia mwenyekiti begani, akasogeza kiti chake. Punde aliye kando yake naye akasogea, kisha mwingine, mpaka tukawa tumebanana upande mmoja wa chumba. Mama alileta sufuria, akaiweka pale penye tone, kisha akachukua birika akaenda kumwongezea mkwe wake chai.