Miwani Yangu Nyekundu

Ulikuwa mwaka wa magimbi. Mvua ilianza ikakataa kwisha, maharage yakaozea shambani, wali wa Dakawa ukawa kitu cha kuhadithiana, na huku milimani Uluguru tukala magimbi asubuhi na magimbi jioni. Hata kwenye sherehe ya kipaimara tulipakuliwa magimbi. Ukimkuta Mluguru wa rika langu asiyeukumbuka mwaka ule, huyo hakuwa huku. Nautaja ili ujue sibuni. Niliyoyaona niliyaona kwa macho haya, sijaonja pombe, na wala haukuwa usiku.

Mume wangu, Baba Vero, alikuwa dereva wa chuo pale mjini Morogoro. Aliwapeleka walimu wa mambo ya samaki hadi pwani, wakivuka kwenda Mafia anavuka nao. Walimu wale walimfundisha kuzamia: unabeba mtungi wa hewa mgongoni, mpira mdomoni, unavaa miwani ya kuziba mpaka pua, unashuka walikolala samaki. Siku aliyorudi mara ya kwanza alikaa jikoni kwangu akashindwa kula. Akasema, "Mama Vero, kule chini kuna bustani. Na hakuna anayeipalilia."

Mimi ninayepalilia kabichi kwenye mteremko ambao hata mbuzi anauogopa, unadhani sikucheka?

Majirani walimpa jina, Kambale. Akipita wanamwuliza, "Kambale, leo umetoka majini?" Naye anajibu, "Nimekuja kupumua kidogo, nitarudi."

Wenzake kazini walipanga wakistaafu wanunue bodaboda au wafuge kuku. Yeye alipanga maji. Pensheni ya dereva unaijua, kwa hiyo alipanga kijanja. Hoteli hapana, tutakodi chumba kwa mama mmoja mjane kule Mafia, Kilindoni. Yeye atajaza mitungi kwenye duka la wazamiaji, maana injini anazijua, nao watamwachia ashuke bure. Mimi nitapanda mchicha nyuma ya nyumba. Na miezi ambayo wageni hawapo na kila kitu ni nafuu, tutasafiri: Kigoma kwa treni akazamie ziwani, kisha Nyasa, anakosema samaki wana rangi kama vitenge vya dukani. Alilipanga jambo hilo miaka mingi, kama mtu anayejenga nyumba tofali moja moja.

Nikamwambia, "Mluguru na bahari wapi na wapi? Miguu yangu inajua kupanda tu."

"Ndiyo maana utajifunza kushuka," akasema.

Na kweli alinifundisha, hapo uani, kwenye karai la kufulia. Alinunua miwani mbili za mitumba, yake nyeusi, yangu nyekundu. "Nyekundu nitaiona hata maji yakichafuka," alisema. Natumbukiza uso karaini, matako juu, mjukuu wetu Stella anacheka mpaka anakaa chini. Stella alikuwa mdogo, meno ya mbele hana, na mama yake, Vero wetu, tulishamzika. Alikuwa na sisi wawili tu duniani.

Akanifundisha na ishara, maana chini ya maji hakuna maneno. Kidole gumba na cha shahada ukivifanya duara, unasema niko salama. Gumba juu si kusifu, ni tupande. Gumba chini, tushuke. Na sheria moja aliirudia mpaka ikanichosha: hakuna anayeshuka peke yake. Mnashuka wawili, mnapanda wawili.

Hakufa majini. Laiti angefia huko. Alifia nchi kavu, kitandani, kwa presha, bado miezi michache astaafu. Mtu aliyepanga maji miaka yote ile, akafa mkavu kama kuni.

Sisi Waluguru mtu ni wa ukoo wa mama yake, na huko ndiko anakozikwa. Tukambeba mpaka ng'ambo ya mlima. Siku ya kumaliza matanga wapwa zake waligawana nguo kama desturi ilivyo, na vile alivyokuwa akivitumia kila siku, kikombe chake, sahani yake, wakaviweka juu ya kaburi. Wakaweka na miwani. Zote mbili. Mimi nilikuwa jikoni nachemsha magimbi ya waombolezaji, nikaja kuambiwa tumesharudi nyumbani.

Deo, mpwa wake, kijana mwema, alisema, "Mama, tulijua zote za mjomba. Nani mwingine huku anavaa mavitu yale?"

Ungemlaumu? Mimi sikumlaumu. Nikasema nitaifuata siku nyingine. Siku nyingine ikawa kabichi, ikawa soko, ikawa Stella ana homa.

Basi jioni moja natoka sokoni mjini, napanda, kikapu kichwani, ndani mna chumvi na dagaa wa Stella. Jua lilikuwa bado lipo. Nikafika kwenye jiwe tulilokuwa tukipumzikia mimi na yeye. Chini yangu ukungu ulikuwa umejaa bonde lote, umelala sawasawa, vilele vimechomoza kama visiwa. Zamani akiuona hivyo alikuwa akisema, "Ona, Mama Vero, bahari imepanda kututembelea."

Nikasikia mtu anapumua. Si pumzi ya mlima, ile ya kuhema. Pumzi ndefu, taratibu, inatoka kama mapovu kwenye chungu.

Akachomoza kwenye ukungu mpaka kifuani. Miwani nyeusi usoni, maji yanamchuruzika mabegani, na siku hiyo hapakuwa na mvua, niamini. Mkononi ameshika miwani yangu nyekundu.

Nikaelewa hapo hapo. Walimpelekea miwani yangu. Angejua nini zaidi, isipokuwa kwamba nimekubali, na niko njiani?

Akafanya duara kwa vidole. Uko salama? Mkono wangu ukajibu wenyewe, duara. Akafurahi. Macho yake nyuma ya kioo niliyajua. Kisha akageuza gumba chini.

Nikashuka. Kwa nini nikudanganye? Nilikuwa nimemkosa. Niliingia kwenye ule ukungu mpaka kiunoni, na haukuwa ukungu tena, ulikuwa mzito, unasukuma. Masikio yakaziba, sikio la kulia likauma kama limechomwa sindano, vilevile alivyowahi kunieleza. Akanyoosha miwani. Nikainama kuipokea, kikapu kikaegama, nikasikia harufu ya dagaa.

Stella alikuwa kwa jirani, ananisubiri kizingitini.

Nikasema, "Siji, Baba Vero. Mtoto hajala."

Akatazama kikapu. Mtu yule akiwa hai hakugusa sahani mpaka Stella apakuliwe. Akafanya duara, sawa. Lakini hakushuka, na hapo ndipo panaponiua mpaka leo. Alibaki pale pale, miwani mbili, mtu mmoja. Si sheria yake mwenyewe? Hakuna anayeshuka peke yake.

Nilifika nyumbani nimelowa. Kanga ilipokauka ikabaki na mstari mweupe kiunoni. Niliulamba. Chumvi. Sikio la kulia halijasikia tena. Hospitali wanasema uzee. Kesho yake nilikwenda kaburini, nikakuta kikombe na sahani. Miwani hakuna hata moja. Padre alikuja akanyunyiza maji ya baraka njia nzima, nikamshukuru. Ukungu uliporudi, Baba Vero naye alirudi.

Kwa hiyo nakwambia wewe unayesoma, ukizika mtu wako, simama mwenyewe pale vitu vinapowekwa. Acha chungu kiungue. Kitu cha aliye hai kisilale kaburini hata kwa bahati mbaya, kwa sababu aliyekufa haulizi, anapokea na kuanza kusubiri.

Stella sasa yuko Dodoma, anasomea uuguzi. Mrefu kama babu yake, na sindano yake, wagonjwa wenyewe wanasema, huisikii. Anajipikia, anakula, ananipigia simu kuniuliza mimi nimekula nini. Nyumbani nimebaki na sufuria ndogo. Baba Vero hajui. Kule aliko naona watoto hawakui.

Masika hii amekuja tena. Bonde lilijaa, akachomoza, akainua miwani nyekundu, akageuza gumba chini. Magoti yananiuma siku hizi, na kushuka kungekuwa rahisi. Kikapu changu kilikuwa kitupu. Nilikishika kwa mikono miwili asione ndani, nikamwambia:

"Siji, Baba Vero. Mtoto hajala."