Masikio ya Mkwe

Mume wangu Isihaka hakuwahi kumwambia mtu neno la kumuumiza, na hilo ndilo lililotuponza. Mji mzima wa Same ulimpenda kwa upole huo. Ukimpelekea redio iliyokwisha kabisa, anakuambia uiache kwanza, ingawa ameshajua kwamba imebaki ya kuwekea mayai. Mimi, Sharifa, nilikuwa namwambia upole ukizidi nao ni uongo. Alikuwa anacheka tu.

Kwao ni Ugweno. Aliteremka mjini mwaka themanini na nne, enzi za kupanga foleni ya sabuni, akajifunza ufundi kwenye redio zilizokosa vipuri, waya mmoja akiutumia mara tatu. Baadaye biashara zikafunguliwa, bidhaa za kila namna zikamiminika, na televisheni zikaja juu ya malori zimefungwa kwa mablanketi. Mwaka tisini na saba akatuletea ya kwetu, ya rangi nyeusi na nyeupe, imepasuka pembe moja. Mwaka huohuo baba yangu akahamia kwetu.

Baba, Mzee Chande, alikuja kutoka kusini akiwa manamba, kibarua wa mkataba, akafanya kazi miaka thelathini na mmoja kwenye korona, ile mashine ya kukamua majani ya mkonge, katika shamba moja la bondeni kupita Kisiwani. Shamba lilifungwa likisubiri mnunuzi, naye akawa anasubiri kwetu. Kula kwa mkwe kulimkera. Kila siku alisema shamba likifunguliwa hatalala kwetu hata usiku mmoja zaidi.

Lakini korona ilikuwa imemharibu masikio. Haikuyaua yote, na balaa lilikuwa hapo. Basi likinguruma barabara kuu alilisikia kabla yangu, ila vifaranga wakimlilia miguuni hakuwa na habari nao. Sauti nyembamba zote zilikuwa zimemhama. Na kwenye korona kuna sauti nyembamba moja ambayo ni uhai wa mtu. Nyuzi zikikwama mashine husimamishwa, mlishaji, mtu wa kuingiza majani kama baba, hutia mkono kuzitoa, na kabla haijawashwa tena msimamizi hupiga filimbi. Baba mwenyewe alinisimulia hayo nikiwa mtoto, akinitajia majina ya waliochelewa kuisikia.

Yeye aliilaumu televisheni.

"Mkwe," alimwambia Isihaka, "hawa wasoma habari wanatafuna maneno. Au wanasoma wanakula?"

"Nitawarekebisha, mzee," Isihaka akajibu, macho chini.

Akawarekebisha kweli. Kwanza alibadilisha kapasita, akapunguza besi. Haikutosha. Akasema spika inatazama ukutani, ndiyo maana maneno yanazunguka chumba kizima kabla ya kumfikia mtu, kwa hiyo akaitoa, akaitengenezea kisanduku cha mbao, akakijaza sufi ya mto wangu mmoja bila kuniomba. Akagundua kwamba bati na sakafu ya saruji vinarudisha mwangwi, akanifanya nitandike mikeka miwili na kutundika kanga nzito ukutani. Kila baba alipolalamika, kile kisanduku kilisogea. Mwisho kikawa kimewekwa juu ya stuli, kwa usawa wa sikio lake la kulia, hata shubiri moja haikubaki katikati. Sauti ilikuwa safi jamani, sina cha kumlaumu hapo. Herufi kwa herufi. Majirani walikuja kuisikiliza, na baba akawa anawasimulia habari za jioni bila kukosa neno, akiringa kama bwana harusi.

Mimi nilikuwa naogopa. Nilimfuata Isihaka dukani.

"Mwambie masikio yamekwisha."

"Sharifa, kwetu mtu hautaji mwili wa mkwe wake."

"Na mwenye shamba akipatikana?"

Akapuliza vumbi kwenye saketi aliyoshika.

Nikaamua kusema mwenyewe. Baba alinisikiliza mpaka mwisho, maana nilisema kwa sauti ya kuita ng'ombe, kisha akaguna.

"Mumeo ndiye fundi wa sauti. Mkwe, njoo. Ubovu ulikuwa wa masikio yangu au wa televisheni?"

Nilimkazia macho Isihaka. Yeye alitazama mkeka.

"Wa televisheni, mzee."

"Umesikia?" baba akaniambia. Baada ya hapo hakuniruhusu niliguse tena jambo hilo.

Mnunuzi alipatikana mwaka uliofuata, na ujumbe ukaja kwamba walishaji wa zamani wanatakiwa. Baba alifungasha asubuhi ileile. Isihaka alimsindikiza stendi akiwa amembebea mfuko, nikajipa moyo kwamba huko, mimi nikiwa sipo, atasema. Aliporudi nilimuuliza kama amemwambia.

"Nimemwambia awe mwangalifu," akasema.

Sikumpikia siku hiyo. Kwa wiki tatu nilikuwa nikisikia hodi nakimbilia mlangoni, na hodi zilikuwa za wenye redio mbovu. Ya Jumanne ile haikuwa.

Tulimkuta baba hospitalini, mkono wa kulia umeishia kwenye kiwiko. Pembeni ya kitanda alisimama msimamizi wake, Erasmo, mwanamume wa makamo, na karani wa shamba akiandika.

"Nilipiga filimbi mara mbili," Erasmo alisema. "Wote walitoa mikono isipokuwa mzee."

"Hukupiga," baba akasema. Karani alikuwa akimwinamia na kumrudilia kila neno sikioni. "Nimekaa kwenye korona miaka thelathini na mmoja, sijawahi kukosa filimbi. Nyumbani nilikuwa nasikia mpaka wasoma habari wakivuta pumzi. Muulize mkwe wangu, ndiye fundi wa sauti. Anayajua masikio yangu kuliko daktari."

Karani akageuza karatasi, akamtazama mume wangu.

"Mzee anasikia vizuri?"

Erasmo naye akamtazama. Mikono aliishika pamoja mbele yake kama mtu anayeomba. Baba alikuwa amejiinua kwenye mto, amemkazia macho mkwewe, na jasho lilimtiririka shingoni.

Nilijua jibu kabla halijatoka. Nilikuwa na mdomo, tena mdomo ambao Same nzima inaujua. Nilikuwa nimeshika kikombe cha uji wa baba.

"Anasikia vizuri," Isihaka akasema.

Karani akaandika. Erasmo alifukuzwa kazi Ijumaa, naye ana watoto watano, na mimi nilimnywesha baba uji mpaka kikombe kikaisha.