Mtani Aliyelala Ndani ya Shimo

Chuoni kwetu hapa Tabora tuna mashimo ya heshima. Yako nyuma ya bweni la wasichana, kwenye kiwanja ambacho kila mwaka, wiki ya mabadiliko ya tabianchi inapofika, hufagiliwa, hupakwa chokaa pembeni na kufungwa turubai. Mgeni rasmi huja, hupanda mti, hupigwa picha, hunywa soda, huondoka. Mti hufa. Mwaka unaofuata ule mti mkavu hung'olewa, shimo huzibuliwa kidogo, na mgeni rasmi mwingine hupanda mti mwingine mle mle. Nilikuwa mlezi wa klabu ya mazingira, kwa hiyo naweza kusema bila kumsingizia mtu: tuliwahi kuua hata mwarobaini. Anayeujua mwarobaini ataelewa hizo zilikuwa juhudi za namna gani.

Sababu haikuwa siri. Wiki yetu huangukia mwisho wa kiangazi, ardhi ikiwa ngumu kama tofali, kwa kuwa ndipo wageni rasmi wanapopatikana na barabara hazina matope. Niliwahi kupendekeza tungoje mvua. Kikao kilinisikiliza kwa adabu, kisha mjumbe mmoja akauliza, je, fulana zikilowa? Fulana zetu kweli ni nzuri, na kauli mbiu ya mgongoni hubadilika kila mwaka. Ndicho kitu pekee kilichokuwa kinachipua pale kiwanjani. Kikao kikaendelea na suala la keki.

Mwaka ninaousimulia ulikuja na sharti. Uongozi ulikitaka kile kiwanja kiwe maegesho ya magari. Mkuu wa chuo aliniita ofisini akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba yeye hana ugomvi na miti, ila miti yenyewe haipo.

"Pandeni tena mwaka huu," alisema. "Mvua zikianza, nikaona japo mmoja umesimama hai, kiwanja ni chenu. Nisipouona, naleta kokoto."

Nilitoka nimekasirika, na kilichoniudhi zaidi ni kwamba alikuwa na haki. Wasichana wa bweni lile walikuwa wakisomea kwenye kivuli cha ukuta, wakihamisha mikeka kadiri jua linavyohama. Nikawafikiria wakifungua madirisha asubuhi na kukutana na moshi wa magari ya walimu wao, likiwemo langu. Niliutaka ule mti uishi kuliko nilivyowahi kutaka kupandishwa cheo.

Jumamosi nikaenda Ntalikwa kwa mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kunisalimia au umekuja kuchukua?"

Nilikuwa nimekuja kuchukua. Mama hukuza miche kwenye kila chombo kinachovuja, na kwenye ndoo moja iliyopasuka alikuwa na mkwaju ulionifikia kiunoni. Aliutazama kabla ya kunipa kama vile anayemsindikiza mtoto shule ya bweni. "Nimeulea mwenyewe," alisema. "Usiende kuupigisha picha halafu ukauacha huko."

Hapa lazima nimlete mtani wangu. Alikuwa mwalimu wa hisabati, Mgogo wa Dodoma, mtu wa suti ya kijivu hata kwenye joto la Oktoba, na viatu vinavyong'aa kila saa. Mimi ni Mnyamwezi, na Wanyamwezi na Wagogo tunataniana tangu enzi za misafara. Babu zetu walipita kwao na mizigo mabegani wakienda pwani. Kwao maji yalikuwa haba, na aliyetaka kunywa alilipa ushuru kwanza. Kwa hiyo yeye aliniita mpagazi, mimi nikamwita mwenye kisima, na hatukukosa siku ya kutukanana vizuri. Na mtani, kama ajuavyo kila mtu wa huku, ana haki zake, hasa msibani. Anaweza kutoroka na sufuria ya wali, anaweza kuvaa koti la marehemu akaigiza mwendo wake, anaweza hata kujilaza kaburini asitoke mpaka apewe anachodai. Mfiwa haruhusiwi kununa.

Siku ya kupanda ilianza kama kawaida yake. Wanafunzi waliandamana, kwaya ikaimba habari za joto huku ikitokwa jasho, chupa tupu za maji zikazagaa chini ya bango linalokataza kutupa plastiki. Mshereheshaji akamwomba mgeni rasmi asogee shimoni. Nikaubeba mkwaju wa mama. Ndipo tukasikia mtu analia.

Kilikuwa kilio cha msiba, cha mikono kichwani. Mtani wangu alikuwa anakuja kutoka safu ya walimu. Alipofika akavua koti, akalikunja vizuri, akamkabidhi mkuu wa chuo, ambaye alilipokea kwa mshangao. Kisha akashuka shimoni na kujilaza, magoti yamekunjwa, maana shimo lilichimbwa kwa kipimo cha mti. Juu kilibaki kichwa, na ncha za viatu vinavyong'aa.

"Msifukie!" alipiga kelele. "Hili ni kaburi! Mwaka jana tumezika hapa, mwaka juzi tumezika hapa. Hawa Wanyamwezi wanazika kila mwaka na kunywa soda, na mimi mtani wao sijapewa changu hata mara moja!"

Wanafunzi waliotoka mbali walidhani mwalimu amepatwa na ugonjwa, mmoja akaanza kuulizia gari. Wale wa huku kwetu, wa Ziba na Choma, walielewa papo hapo, wakapiga vigelegele. Mshereheshaji akatangaza kwamba ratiba imeingiliwa. Bahati yetu mgeni rasmi alikuwa mtu wa Igunga, mambo haya amekua nayo. Akaweka jembe chini, akachuchumaa kando ya shimo na suruali yake nzuri, akauliza kama inavyoulizwa:

"Mtani, utatoka kwa kupewa nini?"

"Kwa maji," alisema. "Babu zao walipofika kwetu walilipa ndipo wakanywa. Leo mimi niko kwao. Mfiwa ni yule pale aliyebeba mti. Aumwagilie kila siku, ndoo kichwani kama mpagazi, mpaka mvua inyeshe. Akikubali mbele ya watu hawa, natoka. Akikataa, nipandieni juu."

Ningefanyaje? Nilikubali, mikono yangu ikiwa imejaa mkwaju. Walimtoa shimoni amekuwa rangi ya udongo tangu kisogo hadi soksi, na mgeni rasmi akapanda mti akicheka mpaka picha zote zikatoka zimetikisika.

Nikawa mpagazi. Bomba la karibu lilikuwa jikoni, upande wa pili wa chuo, na jioni nilikatiza na ndoo kichwani mbele ya wanafunzi niliowafundisha asubuhi. Yeye alikuja na kiti cha plastiki, akakaa kwenye kivuli cha ukuta kunisimamia.

"Babu yako alibeba pembe ya ndovu mpaka baharini," alikuwa akisema. "Wewe ndoo moja unahema?"

"Babu yangu hakuwa na Mgogo amekaa kwenye kiti anamhesabia hatua."

"Alikuwa naye. Ndiyo maana alifika."

Wanaklabu walikuja siku za mwanzo na simu zao, kisha mitihani ikawachukua, kisha likizo. Mvua ilichelewa. Mawingu yalikusanyika upande wa Urambo, yakatuangalia, yakaondoka. Majani ya mkwaju yakaanza kupukutika ya chini kwanza, na mimi nikaanza kuogopa kweli. Mkuu wa chuo alipita mara moja na mtu mwenye futi ya kupimia. Alinisalimia tu.

Halafu malaria ikanilaza wiki nzima. Sikuweza kuinua kikombe, sembuse ndoo. Chuo kilikuwa kitupu, wa kumtuma sikuwa naye, na kumwomba Mgogo maji kulinishinda hata kwenye homa. Nilikuwa nalala nawaza kokoto. Niliwaza pia nitamwambia nini mama, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Siku ya kwanza niliyoweza kusimama nilijifunga kanga, nikaenda kiwanjani asubuhi na mapema, nikijikaza kuuona mti mkavu. Nikaukuta mkwaju una majani. Udongo kuuzunguka ulikuwa umelowa. Na kando yake alisimama mtani wangu, suruali ya suti imekunjwa hadi magotini, miguu pekupeku, viatu vimepangwa juu ya tofali, ndoo mkononi.

"Unafanya nini hapa?" nikamwuliza.

Alishtuka kama mwizi wa kuku. "Nanawa miguu."

"Hapa?"

"Vumbi lenu haliniachi. Na uelewe vizuri: Mgogo hambebei Mnyamwezi maji."

"Wiki nzima umekuwa ukinawa miguu?"

"Mimi ni mtu msafi," alisema. Akavaa viatu bila kuvaa soksi, akachukua ndoo yake, akaenda zake. Nilikaa chini pale pale nikalia. Mlinzi aliponiuliza nina nini, nikasema ni malaria.

Mvua ilipoanza, mkuu wa chuo alikuja na mwavuli, akauzunguka ule mti, akagusa jani. "Haya," alisema. Kokoto zikaenda nyuma ya ukumbi.

Miaka mingi ikapita. Mwaka jana mtani wangu alistaafu. Siku ya kuondoka, kiangazi tena, alikuja ofisini kwangu na begi lake, akasema treni ni ya jioni na ana jambo dogo la kumalizia. Nikamfuata mpaka kiwanjani. Mkwaju ulikuwa umeshakuwa mti wa kusemwa. Wasichana walikuwa wamelaza mikeka chini yake, na hakuna aliyekuwa akihamahama. Akamwomba mmoja wao ndoo ya maji. Akaketi, akavua viatu vinavyong'aa, akazikunja soksi ndani yake, akaanza kunawa miguu polepole, maji yote yakiteremka kwenye mizizi.

"Mwalimu, bafu lipo," msichana mmoja alimwambia kwa heshima.

"Mwache," nilisema.

Alinawa mpaka ndoo ikabaki nusu. Akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuwa na tusi.

"Sasa nani atakuwa ananawa hapa?" aliuliza.

Nikavua kandambili zangu, nikamwambia asogee.