Ramadhani ya Basi Lisilo na Magurudumu

Uchochoro wetu wa Buyenzi ulinuka oili chafu mwaka mzima, lakini alasiri za Ramadhani harufu ya sambusa iliifunika ile ya oili, na mafundi wa gereji wakapiga nyundo kivivu huku wakitega sikio kusubiri adhana. Nilikuwa na miaka tisa, nikilelewa na Bibi, mama yake baba yangu. Mwaka huo Baba Mdogo Rashidi, kitinda mimba wa Bibi, alikuja kufunga nasi, akaja na nyumba yake: basi dogo kuukuu alilong'oa viti vyote. Ndani mlikuwa na kitanda cha mbao, jiko la mkaa, madumu ya maji na pazia la kitenge alilolishona mkewe, Mama Mdogo Zaina, kwa mkono wake. Waliishi humo mwaka nenda mwaka rudi, wakinunua mawese Rumonge na kuyauza kwenye masoko ya milimani, wakilala popote jua lilipowachwea. Mimi niliona hayo ni maisha ya kifalme. Bibi aliona ni aibu tupu.

Alikuwa amewajengea chumba. Kilikuwa uani, kimepakwa chokaa na kutiwa mlango wa buluu, na kila Ijumaa alikifukiza ubani ingawa hakuna aliyewahi kulala humo. Sasa Zaina alikuwa na mimba kubwa, na Bibi aliapa kwamba mjukuu wake hatazaliwa kando ya barabara kama mbuzi wa mnadani. "Mtembezi hula miguu yake," alimwambia mwanawe. "Mtembea bure si mkaa bure," Baba Mdogo alimjibu akicheka, na Bibi hakucheka. Gari lilipoanza kukohoa moshi, Bibi alijitanda kanga, akavuka uchochoro na kunong'ona na fundi Hamza, jirani yetu. Kesho yake mashine ya gari ilikuwa chini, magurudumu yameondolewa, na gari limekaa juu ya matofali mbele ya mlango wetu. Kila Baba Mdogo alipouliza, Hamza aliinamisha kichwa. "Piyesi haiyafika, Rashidi. Ngojea kidogo." Kumbe piyesi, yaani kipuri chenyewe, ilikuwa chini ya meza yake, imeviringishwa kwenye gazeti. Uchochoro mzima ulijua.

Bibi alidhani kwamba gari likikosa magurudumu linakoma kuwa gari, na wenyewe watahamia chumbani. Hawakuhamia. Alfajiri Bibi alifagia mbele ya mlango wa buluu, jioni akatandika mkeka mpya, akakaa akingoja. Zaina alimwamkia kwa adabu zote, alifuturu nasi, alisaidia kuosha vyombo, kisha akajishika kiuno na kupanda ndani ya basi lao lisilokwenda popote. Nilitamani mtoto azaliwe kwetu, maana nilikuwa nimeshamchagulia jina. Lakini pia nilimwona Baba Mdogo akikaa kwenye usukani mchana kutwa, akitazama mbele kama mgonjwa aliyekatazwa kutoka kitandani, na moyo wangu uliniuma. Nilikuwa mtoto tu, sikuwa na la kufanya. Nilitumwa kupeleka kwa Hamza sahani ya sambusa kila jioni, kubwa kuliko zote, nikaipeleka.

Siku ya Idi, baada ya swala, tulikusanyika uani kula pilau, Hamza akiwamo. Baba Mdogo alinawa mikono, akasema bila hasira, "Mama, mi nilijua tangu siku ya kwanza. Fundi mwenye anachelewesha gari anakulaka matusi, apana sambusa." Watu waliangua kicheko na Hamza akaangalia viatu vyake. Bibi peke yake alibaki amekaza uso. "Sasa kama ulijua, juu ya nini hukuingia mu chumba?" Kicheko kilikatika. Sote tulijua kwamba wakati wa vita nyumba ya kwanza ya Bibi iliungua, naye na Baba Mdogo wakatoka kwa miguu, mama na mwana, bila hata sufuria. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. "Nyumba haikimbiake, Mama," Baba Mdogo alisema polepole. "Gari inakimbiaka." Bibi alimkazia macho. "Na mi je, mutoto wangu? Mi niko na gari?" Baada ya kula, Hamza alikwenda mwenyewe kuileta ile piyesi.

Baba Mdogo na mkewe waliondoka Idi haijapoa. Mtoto alizaliwa safarini, mzima wa afya, wakampa jina lingine. Bibi aliendelea na ubani wake wa Ijumaa mpaka alipofariki. Tulimzika siku ileile, kama dini inavyotaka, na Baba Mdogo akafika kesho yake. Nyumba ya Buyenzi iliuzwa, warithi wakagawana. Siku zile za utoto niliamini kwamba mmoja wao, Bibi au Baba Mdogo, lazima amekosea, na kwamba nikikua nitajua ni nani. Nimekua. Nina mume na watoto wawili, na nilitulia vizuri, kwenye nyumba ya Kibenga karibu na ziwa, kama Bibi alivyotamani mwanawe atulie. Ziwa limepanda. Mwaka jana maji yaliingia jikoni. Mwaka huu yamefika vitandani. Baba Mdogo alikuja na basi lake kutuchukua, ndevu zimeanza kuota mvi, akabeba magodoro yetu bila neno hata moja la kunisuta, na nilitamani anisute, walau ningekuwa na la kubishia. Watoto walipanda wakishangilia. Alipowasha mashine aligeuka, akaniuliza kwa upole, "Mutoto wangu, niwapeleke wapi?" Niliitazama barabara upande huu, kisha upande ule. Gari likabaki palepale, likinguruma.